Jina la Nane

Jumanne saa kumi alasiri, wanamuziki wakiwa mazoezini katika depo, ghala la maharagwe la Kasoki, mtaani Kamalondo, ujumbe wa Paluku uliingia kwenye kundi la WhatsApp la orkesta. Ulikuwa na majina manane, moja chini ya jingine, basi. Hata salamu hakuna. Paluku, mume wa Kasoki na mpiga gitaa la solo, alikuwa amekwenda mbali, hadi mji mmoja wa Kivu, kufuata mzigo wa maharagwe, na tangu waasi wauteke mji ule, siku kumi na moja zilizopita, simu yake ilikuwa kimya.

"Iko muzima!" alisema Kasoki, akakaa juu ya gunia.

Wanamuziki wakaanza kubahatisha. Gauthier, mpiga besi, alisema hiyo ni timu ya mpira iliyopunguzwa na vita. Annie, mwimbaji, alikataa, akamgeukia Kasoki, mama wa Graciella.

"Ni majina ya batoto benye anataka umuzalie. Mama Graciella, ujipange!"

Kasoki alicheka mpaka akajifuta machozi. Lakini Léonard, kiongozi wao, alikuwa na hakika. Hayo yalikuwa mabanga, majina ya watu wanaolipa ili watajwe ndani ya wimbo, na kila orkesta mjini inaishi kwa mabanga. La mwisho lilikuwa la Paluku mwenyewe.

"Amejiweka ku mwisho, sawa vile tunafanyaka," alisema. "Tuyimbe, tumutumie audio."

Annie akaimba jina la kwanza, Brigitte Masika. Mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja aliyelowa mvua, kitenge chake kimejaa udongo. Alisema bonjour, akaketi. Alipoimbwa Adalbert akaingia mwanamume mwenye kiatu kimoja. Kasoki aliwapa viti kama anavyowapa wateja. Kufikia jina la tano viti vilikwisha, wageni wakakalia magunia. Kila mmoja alikuwa na tundu dogo mwilini, huyu shingoni, yule begani, na Kasoki aliwamiminia chai bila kuyakodolea macho.

"Mumetoka wapi?" aliuliza.

"Tulikuwa bote mu shimo moya," Brigitte alijibu. "Hakuna mwenye alituandikaka. Paluku njo alituambia: bakiyimba jina yenu, mutafika."

Annie alimaliza jina la saba, akavuta pumzi.

"Usiyimbe," Kasoki alisema.

Magitaa yakanyamaza. Chini ya mlango, pale mbao zilipoliwa na mchwa, vilionekana viatu viwili vya kahawia. Kasoki alivijua, alivinunua yeye mwenyewe. Maji ya mvua yalikuwa yanapita juu yake. Akili yake ilikwenda huku ikarudi kule. Akimwita, basi amekufa. Asipomwita, atabaki nje analowa, na ni mtu wa kifua kibovu tangu utoto. Alimwangalia Léonard, naye Léonard aliangalia gitaa lake.

"Mama, haingiye bila kumuita," Brigitte alisema kwa upole.

Kasoki hakuwahi kuimba, hata kanisani alikuwa akifumbua mdomo tu. Aliliimba jina la mumewe kwa sauti iliyopinda, nje kabisa ya tuni. Paluku akaingia, akafuta viatu kwenye gunia la mlangoni, akamsalimu kila mtu, akatungua gitaa lake msumarini.

"Tuko mu nini?" aliuliza, akitafuta ufunguo wa wimbo.

"Fa," Léonard alijibu, wakapiga.

Saa kumi na mbili redio ya jirani ilitangaza kwamba mji ule umetulia na kwamba hakuna raia hata mmoja aliyekufa. Wageni walisikiliza habari mpaka mwisho, kisha Brigitte akarudisha kikombe na kuomba majina yaimbwe tena, kuanzia la kwanza. Annie aliimba saba. La nane alimwachia Kasoki.