Gambuti Nyekundu za Angel

Abdiel alikuwa muuza mabati wa Kijenge, mwanamume wa kilo tisini, na hakuna mteja aliyewahi kumlegeza kwenye bei. Lakini Jumapili hiyo asubuhi alikuwa amejikunja nyuma ya gari lake anaiba gambuti za mtoto.

Ukitaka kumtetea, utasema kaziiba kwake mwenyewe. Alimnunulia binti yake wa mwisho, Angel, alipokuwa na miaka mitatu: nyekundu, zimechorwa chura kwenye ncha. Sasa Angel ana miaka minane, na mama yake, Irine, amejaza mfuko mzima nguo na viatu vilivyombana, viende kwenye kituo cha watoto pale Kimandolu. Irine alisema habakizi kitu, kabati si makumbusho. Abdiel aliitikia vizuri sana, kisha kila alipopewa mfuko aupeleke, dukani kukazuka dharura. Wiki ya tatu Irine akaupakia garini mwenyewe.

Ndipo Abdiel akazichomoa gambuti, akazizamisha kwenye kikapu cha maparachichi ambacho Irine alikipakia pembeni, akazifunika. Walipopita Kimandolu mfuko ukashushwa, walezi wakashukuru, naye akaendelea kupandisha mlimani kwa wakwe zake huku anapiga mluzi. Wala hakujiuliza kile kikapu kilikuwa kinakwenda wapi.

Ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Katika usharika wa nyumbani kwa akina Irine, kila familia huleta ilichovuna, mchungaji akakiombea, na baada ya ibada kikapigwa mnada uwanjani. Anayenunua, akipenda, humzawadia mtu mwingine palepale, na aliyezawadiwa hakatai. Abdiel alipokiona kikapu kimewekwa madhabahuni, jasho lilimtoka. Kilikuwa kimeshaombewa, na kitu kilichoombewa hakirudishwi garini.

Mnadishaji alikuwa Mzee Sifaeli. Alitoa maparachichi, akaingiza mkono tena, akainua gambuti juu watu wote waone.

“Mwaka huu tumevuna na viatu,” akasema.

Uwanja ukacheka. Irine hakucheka. Alimgeukia mumewe taratibu, na mumewe akawa anautazama Mlima Meru kana kwamba umeota jana.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Bibi Ndeshi, mkulima wa kahawa. Alikuwa amemshika mjukuu wake, Bariki, kitoto pekupeku chenye tope hadi magotini. Mtu yeyote mwenye haya angeishia hapo. Abdiel akanyoosha mkono. Bibi akapandisha bei, Abdiel naye akapandisha, mara ya pili na ya tatu. Shingo zote zilikuwa zimemgeukia, aibu ilimjaa, na bado mkono ulikwenda juu. Mwishowe Irine aliudaka, akaubana kwapani mwake, wala hakuuachia mpaka Bibi Ndeshi aliposhinda.

Bibi alizigeuzageuza gambuti, akamtazama Abdiel kwa muda.

“Namzawadia mkwe wetu huyu,” akasema. “Mtoto wake naona amekua. Aliyebaki mdogo ni yeye.”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Abdiel akaenda mbele, akamwamkia Bibi, akazipokea kwa mikono miwili. Alidhani atafurahi. Lakini zilikuwa nyepesi mno, na ndogo kuliko alivyozikumbuka, na alichokuwa anakitaka hakikuwamo ndani yake. Alihuzunika kwelikweli, mbele ya usharika mzima.

Akachuchumaa, akamfuta Bariki miguu kwa leso yake ya Jumapili, akamvalisha. Bariki akajitazama miguu, hakuridhika. Akaketi chini, akazivua, akavaa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, kisha akakimbilia dimbwini.

Angel alikuwa amekuja kuegemea bega la baba yake. “Baba,” akasema, “si ndivyo nilivyokuwa navaa mimi?”

Ndivyo. Kila siku, kutoka mlangoni mpaka dukani, na ole wake aliyejaribu kumrekebisha. Abdiel aliitikia kwa kichwa. Kisha alimsogelea Bibi Ndeshi na kumnong’oneza.

“Bibi, zikimbana, naomba unipigie simu.”

“Sina haja ya simu,” akasema Bibi Ndeshi. “Utazikuta mnadani.”