Urithi wa Upande wa Mama

Fundi cherehani alikuwa ameishiwa visingizio. Kwanza alisema binti yake wa miaka sita ni mvivu, kisha kwamba viatu vinambana, kisha kwamba anadeka tu. Siku mtoto alipopanda ngazi za nyumba kwa kutambaa, yeye na mumewe wakampeleka hospitali.

Majibu yalichukua wiki tano. Daktari, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aligeuza bahasha akachora duara nyuma yake.

"Hii ni seli moja. Ukingo huu ni utando, unachagua kipi kiingie na kipi kitoke. Katikati ni kiini, kimebeba maagizo ya mwili, nusu ya baba, nusu ya mama." Akachora vitu kama punje za maharage. "Na hizi ni mitokondria. Zinageuza chakula kuwa nguvu. Za mtoto wenu zina hitilafu, ndiyo maana misuli inachoka."

"Kazitoa wapi?" baba akauliza.

Daktari akaweka kalamu chini. "Hizi mtoto hurithi kwa mama peke yake."

Njiani kurudi, mume alisema, "Mama yangu asijue. Ulimi wake hauna mfupa." Alisema kwa wema, lakini neno lile lilimchoma mkewe kuliko la daktari.

Jumamosi mdogo wake fundi, wa kike, alikuja kupimwa gauni. "Ongeza kiunoni, dada," akacheka. "Mimba hii ina mwezi wa tatu."

Fundi aliiweka mezani futi ya kupimia. Baba zao walikuwa wawili; mama, mmoja. Akamweleza yote, bila kupunguza.

"Ndiyo unaniombea mabaya?"

"Nakwambia ukapime."

"Si ungeninyamazia tu! Ningefurahi hata hii miezi sita." Akaondoka, mkoba wazi.

Wiki tano hakupokea simu. Ya sita akatokea mlangoni, macho yamevimba.

"Ninazo hizo zenye hitilafu, dada. Kwangu wanasema chache. Mtoto anaweza kupata nyingi, anaweza kupata chache. Hawajui."

"Nisamehe."

"Kwani uliziumba wewe?"

Kutoka chumbani binti alimwita mama yake mdogo aje ambebe. Mdogo mtu akavua viatu, akaingia, akamwinua. Alisimama naye hapo muda mrefu, kana kwamba anajifunza uzito wake, na dada mtu hakuthubutu kumwambia amshushe.