Kilemba cha Fundi Yadollah

Tangazo la msiba lilikwisha kubandikwa kwenye ukuta wa msikiti kabla Esmat hajaulizwa lolote. Alilisoma akiwa na mkate mkononi. "Ayatullah Yadollah Sabzekar," kwa herufi nene, na chini yake jina la atakayemswalia: Haj Agha Tavassolian.

Alimkuta mwanawe Vahid akipiga pasi shati jeusi.

"Nani kampa baba yako uayatullah?"

"Mama, usianze."

"Naanza. Jana kafa fundi wa samovari, leo kaamka na cheo?"

"Vyeo hivi ndivyo vilivyo, unajua mwenyewe. Hakuna anayevigawa. Watu wakikuita, umekuwa."

"Watu gani? Sokoni walimwita Fundi. Na yeye alituambia, wewe umekaa hapo hapo unamaliza pistashio zangu: mkiniandikia tangazo, andikeni Fundi."

Vahid aligeuza shati, akaendelea kupiga pasi. Tavassolian ndiye aliyekaa kwenye mahakama ya mashehe siku Yadollah alipovuliwa kilemba na ushehe wake. Kosa lake lilikuwa kumswalia binti wa jirani, aliyepigwa risasi kwenye maandamano, baada ya kuamriwa amwache azikwe kimya kimya. Yadollah alipita katikati ya mji wa Qum kichwa wazi, kilemba kwapani, akafika nyumbani akamkabidhi mkewe. "Kitambaa kizuri hiki, Esmat. Kisioze." Kisha akajifunza kulehemu samovari, yale mabirika makubwa ya chai. Wanafunzi wake wa hauza, chuo cha dini alichofundisha, wakawa wakimwona wanavuka barabara.

"Nafasi ya naibu mkuu wa wilaya iko wazi," Vahid alisema hatimaye. "Mtoto wa Ayatullah ataipata. Mtoto wa aliyevuliwa kilemba atagonga mihuri mpaka astaafu. Nina watoto, mama."

"Na akina Tavassolian wanapata nini?"

"Wanataka mazishi yawe tulivu. Watu wa sokoni wanampenda baba. Haj Agha kasema afadhali wamzike wao." Akashusha sauti. "Jeneza la mwanachuoni huwekwa kilemba juu. Kile chake kiko wapi?"

Esmat aliingia jikoni, akarudi na matambara yenye madoa ya komamanga.

"Hiki hapa. Nachujia mtindi na komamanga."

"Umekikata!"

"Baba yako ndiye aliyenishikia ncha ya pili."

Basi kilinunuliwa kipya dukani. Kesho yake Tavassolian alikipanga juu ya jeneza kwa mikono yake, akikigeuza huku na huku kama muuza matunda anayeficha upande uliooza. Kipaza sauti kikasema Ayatullah, Ayatullah, mpaka Esmat akachoka kumtafuta mumewe ndani ya jina hilo. Langoni walinzi walimzuia Tahereh, mama wa yule binti. Hii ni shughuli ya Ayatullah, walimwambia, si ya kila mtu. Esmat aliona yote kutoka upande wa wanawake. Alipofika langoni, Tahereh alikuwa ameshaondoka.

Siku ya hitima walikula nyumbani. Mtindi aliuandaa Esmat mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tavassolian akapaza sauti kutoka upande wa wanaume:

"Hajati, Mungu akupe subira! Na mtindi wako huu, mashaallah, mzito kama siagi. Unaufanyaje?"

Esmat akafunua pazia, akasimama mbele yao.

"Nimeuchuja kwa kilemba cha mume wangu. Kile ulichomvua."

Vijiko vilisimama. Vahid akawahi kucheka, masikio yamemwiva.

"Majonzi hayo, Haj Agha. Mama hajalala tangu msiba."

"Naelewa, mwanangu, naelewa," Tavassolian alisema kwa upole. Akajipakulia tena. Wengine nao wakaendelea kula, na mmoja akaomba apitishiwe chumvi.

Esmat alibaki amesimama kidogo. Hakuna aliyemtazama. Alirudi jikoni, akajaza bakuli, akalifunika kwa tambara moja lenye doa jekundu, akatokea mlango wa nyuma mpaka kwa Tahereh.

"Wamemzika vizuri Fundi?" Tahereh aliuliza.

"Walimzika mtu wao," Esmat alisema. "Lete kijiko, bibi wee, mtindi unapata joto."