Dakika Kumi na Tisa za Mlima

...na mdogo wangu ameanza tena, fundi hajamaliza hata kufungua katoni ya bomba na yeye keshaanza, amelaza magongo yake mawili juu ya tairi bovu, amekaa kwenye benchi kama mwenye gereji, "lile lori la mafuta lilikuwa linakuja hivi, fundi, hivi, usoni kabisa," na kiganja chake kinapita hewani kuonyesha hivi, na mimi nimeinamia boneti iliyo wazi nikijitia kukagua mkanda wa feni, mkanda hauna shida yoyote, nimeubonyeza mara tatu na bado naubonyeza, kwa sababu najua hadithi inakoelekea, inaelekea kwangu, miaka mitatu hii haijawahi kuelekea kwingine, wodini ilielekea kwangu, sebuleni kwa mama ilielekea kwangu, mama akanishika mikono yote miwili akaniombea dua ndefu mpaka nikatamani sakafu inifunike, "bila lile bomba la kaka nisingekuwa hapa," ndivyo inavyoishia, halafu anayesikiliza hunitazama kwa heshima, nami hutafuta kitu cha kukagua, na bomba lenyewe hilo hapo juu ya fenda, la kuingizia hewa kwenye injini, la alumini, linang'aa, mwishoni lina filta nyekundu iliyo wazi, aina ileile na lile la zamani, amelitafuta mwenyewe duka kwa duka kwa magongo yake, hakumtuma mtu, maana ni la binti yake, kesho binti anapandisha saruji kwa mara ya kwanza, kwa lori hilihili, mlango mpya, rangi mpya, mlima uleule, na baba anataka kumpa kitu anachoamini kilimwokoa, na kitu hicho hakikumwokoa, mimi ndiye ninayejua, mimi peke yangu duniani na kijidaftari kilicho kwenye mfuko wa shati langu.

"Lakini kweli linaongeza nguvu?" fundi anauliza, bisibisi mkononi, "mimi nafunga tu mnacholeta, ila boksi la hewa la kiwandani ni zima kabisa hili, kulitoa naona kama dhambi," mtu mwerevu huyu, anasema kweli bila kujua, na mdogo wangu anacheka, anacheka kama zamani, kicheko hakikukatwa, "muulize kaka, alipima mwenyewe, saa mkononi," na ni kweli, nilipima, hilo si uongo, nilipima kwa lori langu kuanzia kwenye kalvati kule chini mpaka kwenye mnara wa simu kileleni, mifuko mia mbili ya saruji, mara tatu na boksi la kiwandani, mara tatu na bomba jipya, nikaandika, kabla dakika kumi na tisa na sekunde arobaini, baada dakika kumi na tisa na sekunde arobaini na tano, sekunde tano zaidi, lori lilikuwa limepungua nguvu, lilikuwa linavuta hewa ya moto ya injini yake lenyewe wakati boksi la zamani lilikuwa linavuta ya nje, lakini sauti, ah, ile sauti, ukikanyaga mafuta linanguruma mpaka kiti kinatetemeka, mwili mzima unaapa kwamba nguvu imeongezeka, na saa inakataa, nilikaa pale kileleni nikiitazama saa kwa hasira, nikaitikisa, nikaiweka sikioni nisikie kama imesimama, haikuwa imesimama, mjinga nilikuwa mimi, maana kule tunakoegesha malori nilikuwa nimeshajitapa kwa kila dereva kabla sijapima chochote, na jioni mdogo wangu akapiga simu, "vipi kaka, linavuta?" na daftari lilikuwa juu ya goti langu, wazi, maneno mawili tu yangetosha, halina lolote, nikaona haya, haya ya nini mbele ya mtu niliyemfundisha kukanyaga klachi, "linavuta balaa," nikasema, "linapanda ule mlima kama halina mzigo," na nilikuwa nimenunua mabomba mawili kwa kiherehere changu, la pili nikampa zawadi, nikalifunga kwa mikono hii, nikakaza skrubu ya mwisho nikamwambia washa usikie, akawasha, akafurahi, Mungu wangu, alivyofurahi.

Halafu siku ya ajali, lile lori la magogo lililokuwa linajikokota mbele yake karibu na kona, na yeye nyuma yake, na gia ya tatu, sikuwepo lakini nimeshakuwepo mara elfu, "nilisikia linanguruma, kaka, nikajua litapita," aliniambia hivyo kitandani, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa, nikajua litapita, alijuaje, alijua kwa sababu mimi nilimwambia, sikio likamdanganya na mimi nikawa shahidi wa sikio, akatoka kupita, lori lake likanguruma na halikwenda, mwenye magogo ndiye aliyefunga breki akamwachia nafasi, polisi wa barabarani alisema hivyo, nilisimama karibu nikasikia, dereva wa magogo, mtu nisiyemjua hata sura, yeye ndiye aliyemwokoa, mdogo wangu akarudi upande wake nusu, ile nusu nyingine ikachanwa na bampa la lile lori la mafuta, mlango na mguu, na alipozinduka akanishika mkono, akasema bomba lako limeniokoa, na mimi nikajiambia ana homa, kesho nitamwambia, kesho ikawa ametolewa drip, kesho ikawa anajifunza magongo, kesho ikawa mama na dua, na mtu aliyepoteza mguu umnyang'anye tena na hadithi, si ndiyo imemsimamisha, si ndiyo anayoisimulia badala ya kulia, na la kwangu nikalitoa kimyakimya wiki ileile, nikawaambia madereva limepata ufa, uongo mwingine, ufa ulikuwa kwangu.

Naweza kusema haliingii, nimepata jibu, niseme mdomo wa bomba ni mdogo kuliko wa lori hili, fundi nimkonyeze, turudishe bomba dukani, tucheke, tunywe chai, hadithi ibaki kwake na filta ya kiwandani ibaki kwa binti, nani ataumia, hakuna, hata moyo umeanza kutulia, lakini mdogo wangu atainuka kwenye magongo yake atafute jingine linaloingia, namjua, kichwa kigumu, na binti yuko kule juu kwenye usukani, amesogeza kiti mbele, anarekebisha kioo, shingo ndefu ya baba yake, leseni yake bado inanukia plastiki, anatoa kichwa dirishani, "baba mkubwa," ananiita, sauti haina wasiwasi hata kidogo, "pale kwenye kona kabla ya mnara, nikimkuta mtu anajikokota, baba anasema nisikilize tu, likinguruma vizuri nipite, ni kweli?" na baba yake anaitikia kutoka kwenye benchi, "ni kweli, mwanangu, sikio halikosei," na mkanda wa feni unaniteleza kidoleni, kumbe hivi ndivyo, kumbe anamrithisha, si lori tu, anamrithisha neno langu, lile balaa langu la kwenye simu, limepita kwake likamkata na sasa linashuka kwa mtoto likiwa limepambwa, lina shukrani juu yake na dua ya mama, na nikisema haliingii nitakuwa nimetoa bomba na kuacha sikio, ataondoka kesho na sikio lake, lori lolote litakalonguruma ataliamini, naogopa, naogopa kweli, sijawahi kumwogopa mdogo wangu kabla ya leo, naogopa uso wake utakapojua kwamba mguu ulikwenda bure na kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akimshukuru aliyemponza, naogopa atacheka, naogopa hatacheka tena, na mkono wangu uko kwenye mfuko wa shati, asubuhi nilipokitia kijidaftari humo nilijiambia ni cha kuandikia vipuri, sina kipuri cha kuandika, nilijua, na fundi bado ameshika bisibisi yake, katoni bado iko wazi kwenye fenda, binti bado ametoa kichwa dirishani anasubiri jibu, "kaka," mdogo wangu anasema, "si umwambie fundi vile ulivyopima," nami nauacha mkanda, najifuta grisi kwenye suruali, nakitoa kijidaftari nakifungua penye zile sekunde, "nilipima," nasema, na uso wake unachangamka, anasogeza magongo kando, anakaa vizuri kwenye benchi, ili aisikie sehemu anayoipenda.