Kikanyagio cha Gia cha Obura

Nilikuwa fundi wa pikipiki pale Nyarero, na sitajifanya mnyenyekevu leo: nilikuwa na majivuno. Miaka ile spea za kiwandani zilikuwa za kusikia tu. Pikipiki zilizoachwa na wamisionari ziliendelea kutembea kwa vyuma vya kuungaunga, kila fundi na vyake. Mtu akiuziwa chuma mnadani hakujua kama kinaingia kwenye pikipiki ya BSA au kwenye mashine ya kusaga. Basi ananiletea mimi, Nikolaus. Ninakisugua kwa majivu, ninakigonga juu ya kipande cha reli nilichokifanya fuawe, ninasikiliza, kisha ninasema ni cha nini na kimetengenezwa na nani. Nilisema kwa sauti, watu wakiwa wamesimama. Hakuna aliyenibishia, nami nikadhani maana yake ni kwamba sikosei.

Rafiki yangu Obura alikuwa mwinjilisti, na kanisa lilimpa BSA kuukuu ya kuzungukia vijijini. Mwaka 1976 kikanyagio chake cha gia kilikatika, kile chuma ambacho dereva hukikanyaga kwa mguu ili kubadili gia. Nilichukua jembe la plau lililochakaa nikachonga kingine kwa tupa, siku tatu nzima. Kikatoka kifupi. Obura alivaa gambuti masika na kiangazi, na pua ya gambuti ilikwama. Alicheka mpaka akashika tumbo, akasema eti sisi Wakurya, watu wa kabila langu, tumezoea kupima miguu ya ng'ombe. Nikachonga cha pili kutoka chuma kilekile, kirefu zaidi kwa vidole viwili. Vyote viwili nilivipiga alama yangu, mikato mitatu ya tupa shingoni. Kile kifupi nilimpa Hezekia, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mbalibali, aliyepita siku moja na BSA ya namna ileile. Sikumwona tena.

Mwanzoni mwa 1977 ringi za pistoni za Obura zilikwisha. Akasema atazifuata Kenya, na akizikosa atasogea mpaka Uganda. Siku tano, alisema. Aliondoka akitoa moshi mweupe barabara nzima, na muda mfupi baadaye mpaka wa Kenya ukafungwa.

Mwaka ukapita na nusu yake. Ndugu zake walitaka kumlilia, wamalize. Mkewe, Adoyo, alikataa katakata. Kila siku ya mnada alipita karakana kuniuliza kama ringi za BSA hupatikana Uganda au la, na mimi nilimjibu zinapatikana, ila huchelewa. Ndivyo tulivyokuwa tukiongea habari za mumewe.

Kiangazi cha 1978 akaja mfugaji mmoja aitwaye Simioni, kutoka ng'ambo ya mto Mara. Alikuwa amekuta pikipiki iliyoungua kwenye majani yaliyochomwa, na mifupa michache ya mtu iliyotawanywa na fisi. Kilichofaa kubebwa kilikuwa chuma kimoja. Aliambiwa Nyarero kuna mtu anayejua kila chuma, akatembea siku mbili. Habari zilimtangulia. Alipofika kwangu, Adoyo alikuwa amekwisha kaa juu ya gogo la mlangoni, na Owuor, mdogo wake Obura, amesimama nyuma yake na wazee wa ukoo wao.

Nilikisugua chuma. Mikato mitatu ikatokea. Nilikigonga juu ya reli na mlio wa plau ile nikaujua, nikasema palepale, bila hata kuvuta pumzi, kwamba hiki ni kazi ya mkono wangu, ni kikanyagio cha Obura.

Ndipo kidole changu kikafika mwisho wa chuma mapema kuliko kilivyotarajia.

Naapa niliuona ule ufupi. Nikajiambia moto umekikunja. Fundi gani anajiambia upuuzi kama huo? Jina la Hezekia likanipitia kichwani, nami nikalifukuza kama nzi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema, na watu walikuwa wananitazama.

Adoyo aliniuliza polepole, "Shemeji, una hakika?"

"Nilikitengeneza kimoja tu," nikamwambia.

Alifungua kitambaa kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani.

Kwa ukoo wao, mtu aliyefia mbali bila maiti kuonekana huzikwa kwa tunda la yago, lile tunda refu na zito la mwituni. Linawekwa kaburini mahali pake, naye anahesabika amefika nyumbani. Wakalichimbia kaburi kando ya nyumba yake, na kikanyagio wakakifunga kwenye tunda kwa kamba ya katani. Mchungaji hakuja. Mimi nilikwenda, nikashika jembe, nikasifiwa kwa kumrudisha rafiki yangu. Baada ya miezi michache Owuor akamrithi Adoyo kama desturi yao inavyotaka, na Adoyo akapata mimba.

Katikati ya 1979 nilikuwa nimeinama juu ya injini ya watu nikasikia BSA inapanda kutoka upande wa Sirari, mpakani. Injini nyingine mtu hawezi kuzichanganya. Nikaiweka spana chini kabla kichwa hakijaelewa.

Obura alisimamisha pikipiki mbele yangu. Alikuwa amekonda, meno mawili hayapo. Mguuni gambuti, na chini ya gambuti kikanyagio changu kirefu, kinang'aa kwa kukanyagwa. Akaniambia, "Omera, ndugu yangu, ringi nimepata." Kisha akanieleza akicheka: Uganda walimkamata, Mtanzania asiye na karatasi, wakamwita mpelelezi. Vita vilipokwisha gereza likafunguliwa, na pikipiki akaikuta kwa fundi wa Busia aliyemwachia, akavuka mpaka kwa njia za panya. Sasa anataka maji ya kunywa na kwenda kumwona mke wake.

Ilinibidi nimwambie mimi. Nilimwambia yote, pamoja na ule ufupi. Alidhani ni mzaha, kisha akanitazama usoni akaacha kucheka.

Tulikwenda kwa miguu, akisukuma pikipiki. Wazee walikuwa wamekwisha pata habari, wakatuzuia kwenye ua wa minyaa. Walilia, walimwita jina lake, lakini hawakumshika mkono. Mtu aliyezikwa kwenye boma lile haingii tena, walisema. Akivuka ua, watoto wa ndani watamfuata kaburini. Obura aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miaka kumi nimewahubiria ufufuo."

Adoyo alitoka nyumbani, tumbo limemtangulia. Alisimama upande wake wa ua, Obura upande wake. Adoyo alikuwa ameshika kata ya maji. Owuor akaipokea taratibu mkononi mwake, kwa adabu, akaimwaga chini. Adoyo hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Shemeji, ulisema kimoja tu."

Obura alirudi alikotoka siku ileile. Nasikia yuko Migori, anahubiri. Ringi zile alizifunga mwenyewe, hakutaka niziguse.

Mimi nilifunga karakana, nikaenda Mbalibali. Nilikuwa nimebakiwa na jambo moja la kufanya. Mama yake Hezekia, anaitwa Verdiana, alikuwa anapepeta ulezi. Nilimwamkia shikamoo, akaona mikono yangu ilivyo na oili, akanyanyuka haraka akaniuliza kama nimetumwa na mwanawe. Alinivutia kigoda. Nikamweleza habari za Simioni, pikipiki iliyoungua, mifupa, na kikanyagio kifupi nilichompa Hezekia kwa mkono wangu. Alinisikiliza vizuri kabisa, ungo umetulia magotini.

Akaomba akione hicho chuma.

Nikamwambia kimezikwa Nyarero, kwenye kaburi la mtu aliye hai, na wazee wamekataa kabisa lisifukuliwe.

Verdiana alinitazama kwa huruma. Aliniuliza kama ndiye mimi yule fundi aliyesema Obura amekufa. Nikakubali. Akarudi kwenye ulezi wake, akaanza kupepeta tena, akasema nikikutana na Hezekia huko barabarani nimwambie mama yake bado anamngoja.