Kiti cha Mgeni

Asmahan alikuwa mtu wa kujiamini, na waliokaa naye nyumba moja walishalijua hilo zamani. Kitu kikiharibika atakifungua. Kisipoharibika atakifungua vilevile, ajue kimetengenezwaje. Tangu korona iwafungie watu ndani, na kliniki ya meno alikokuwa akipokea wagonjwa imwambie apumzike nyumbani kwanza, meza ya kulia katika nyumba yao ya Small Heath, Birmingham, iligeuka kuwa karakana. Sahani zilibanana na vibodi vya saketi za redio mbovu na nyaya za kila rangi, na chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya kilikuwa na kibanda chake kando ya chupa ya pilipili. Mumewe Feisal, dereva wa basi, alilalamika kwamba siku moja atatafuna transista akidhani ni karafuu. Asmahan akamwambia transista ina miguu mitatu na karafuu haina hata mmoja, kwa hiyo afumbue macho anapokula.

Desemba ile walikuwa wawe Unguja. Tiketi zilishakatwa, masanduku yalishajazwa nusu, kisha ndege zikafutwa na safari ikafa hivyo hivyo, bila hata matanga. Feisal, ambaye hapendi kushindwa, akatangaza kwamba kama wao hawaendi likizo basi likizo itawajia wao. Akafungulia joto la nyumba mpaka madirisha yakatoka jasho. Akatandika mkeka sebuleni, akavaa msuli na fulana, na kila magharibi akawa anapika urojo jikoni na kumnadia binti yao Iman kana kwamba wako Forodhani kule Unguja. Iman, mzaliwa wa Birmingham, alielewa Kiswahili chote akajibu Kiingereza karibu kitupu. "Dad, this is actually fire," alisema mdomo umejaa kachori, na baba mtu akavimba kichwa kwa siku nzima.

Likizo ilikuwa nzuri kwa chini. Kwa juu ilikuwa na donda.

Juu alikaa Bi Zeinab, mama yake Feisal. Kabla ya janga, kila alasiri alitoka na mkoba wake kwenda Coventry Road, achague samaki kwa kuwafunua mashavu mmoja mmoja huku muuzaji akimwangalia kwa huruma. Daktari alipomwambia mapafu yake hayawezi kujaribiwa na ugonjwa huu, akaanza kuiona barabara kupitia kioo. Mwanzoni alinung'unika, na Asmahan akatulia, maana Bi Zeinab anayenung'unika ni Bi Zeinab mzima. Kisha manung'uniko yakakoma. Alikula kidogo, alisali, alirudi kitandani. Feisal alipomwita aje aone Forodhani ya sebuleni, alishuka, akaitazama, akasema, "Mungu akupe kheri, mwanangu," akapanda tena.

Ndipo Maulid, wakala wao wa safari, akapiga simu. Alitaka kuhamishia tiketi mwezi wa nane, na kabla likizo haijaisha apewe jibu kamili. Bi Zeinab, aliyeyasikia, akajibu akiwa ngazini, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

"Yangu iwe ya kwenda tu."

Feisal akacheka akidhani ni mzaha. Asmahan hakucheka. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na alipoingia nyumba hii bibi harusi asiyejua hata kuchambua mchele, ni Bi Zeinab aliyemkalisha jikoni akamfundisha bila kumsimanga. Hakuwa na mama mwingine, na wala hakutaka kumtafuta. Akamfuata chumbani.

"Mama, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu." Bi Zeinab alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. "Lakini nimechoka kukaa pasipo mlango. Kwetu Kikwajuni, ikifika alasiri, nafungua mlango nakaa barazani. Nani mgonjwa, nani kachumbiwa, nani kagombana na mumewe, yote yananijia pale pale sijainua mguu. Hapa mlango ni wa kutolea taka."

"Sasa baraza si tunalo, Mama? Kizingiti kile cha mbele."

"Na baridi hii? Unataka niwe samaki wa friji?"

Mwanamke mwingine angesikia huzuni katika maneno yale. Asmahan alisikia kazi. Tatizo ni baridi, na baridi ina dawa: joto. Akashuka ngazi mbili mbili.

Alipasua mbao za kabati kuukuu akaunda benchi fupi la kutosha pale mlangoni. Akashona mto, ndani yake akalaza waya wa kupasha joto kwa mizunguko kama nyoka aliyelala, ukitumia umeme mdogo wa adapta usioweza kumdhuru mtu. Juu yake akavisha kitambaa cha plastiki cha mezani chenye picha za ndimu, mvua isipenye. Feisal alijitolea kuukalia kwa majaribio. Siku ile alikula chakula cha mchana amesimama. Asmahan akaongeza kipima joto na kibodi kidogo cha kuukata umeme joto likizidi, akaukalia mwenyewe hadi chai ikapoa mkononi, na mto ukabaki na uvuguvugu ule ule. Akatabasamu peke yake. Kazi imekwisha, alijiambia, na mwezi wa nane mama atakwenda na atarudi.

Bi Zeinab alishushwa amevaa koti juu ya koti, na barakoa juu ya yote. Alikaa kwa tahadhari. Kisha uso ukamfunguka polepole.

"Makubwa haya! Asmahan, umenikalisha juu ya jiko?"

"Juu ya ufundi, Mama."

Asmahan akaingia ndani akajibanza nyuma ya pazia, mwenye furaha mpaka akajionea haya. Watu walikuwa wakipita, lakini vichwa chini na mikono mifukoni, kila mmoja na haraka yake. Bi Zeinab aliwatazama wakija na kuwatazama wakienda. Hakuna aliyesimama. Hatimaye akatokea Surjit wa nyumba ya kona, mjane wa Kisikh mwenye koti la zambarau, ambaye kwa miaka yote walikuwa wakipungiana naye mikono tu.

"Cold, innit," alisema Surjit akipita.

"Sana. Karibu," akajibu Bi Zeinab, kwa mazoea, bila hata kufikiri.

Surjit akasimama ghafla. "Ngoja. Mama, kumbe wewe unaongea Kiswahili? Mimi nimezaliwa Nakuru! Miaka yote hii tunapungiana mikono kama mabubu, kwani tulikuwa na nini?"

Bi Zeinab akacheka. Asmahan alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu kabla ya Ramadhani. "Basi karibu, jirani, karibu ukae!"

Neno likamtoka, na wote wawili wakaangalia akae wapi. Kuingia uani kwa mwenzio sheria ya korona ilikataza. Kiukuta cha mbele kilikuwa kimeganda barafu. Surjit alisimama langoni akihamisha uzito mguu huu na huu, akazungumza kidogo, kisha akashika magoti.

"Nitakuja siku ingine, mama. Hii baridi na magoti yangu haziskizani."

Alipoondoka, Bi Zeinab aliinuka. Akaingia ndani, akavua koti la kwanza, akavua la pili, akayatundika vizuri. Alizungumza bila kupandisha sauti.

"Nimemkaribisha mtu, nikamwacha amesimama. Tangu nizaliwe sijapata kufanya hivyo."

"Mama, lakini kiti…"

"Kiti kizuri, ahsante. Ila hilo si baraza, Asmahan. Baraza la mtu mmoja ni kiti tu. Umenikalisha nje kama mzigo unaosubiri gari."

Mlango wa juu ukafungwa.

Asmahan alikasirika, na tusimfiche. Alikizima kile kibodi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akayaambia masufuria kwamba mtu anaungua vidole kwa mapenzi halafu anaambiwa mzigo, kwamba nyumba hii ina shukrani za paka. Feisal, mtu mwenye akili zake, akakumbuka ana jambo la kufanya kule bafuni. Ni Iman pekee aliyebaki, amejinyoosha mkekani na simu yake.

"She's not wrong though, Mum," alisema. "Ungefanya two."

Asmahan akamgeukia, tayari kumpa zake. Kisha macho yakaangukia mezani, kwenye bunda la waya wa joto. Nusu nzima ilikuwa imebaki. Aliununua mrefu makusudi, akiba likitokea la kutokea, na katika hesabu zake zote za joto na umeme hakupata kufikiri kwamba nusu ile ina mwenyewe. Alimpashia mama joto la mwili. Mama aliomba watu. Hasira ikamtoka yote kwa mpigo, ikabaki aibu, na aibu kwa Asmahan haikukaa sana maana kulikuwa na kazi ya kufanya.

Kesho yake mto wa pili ulikuwa tayari, wenye ndimu zile zile. Feisal alileta kreti tupu la maziwa, wakaliweka nje ya lango, kwenye upana wa njia ya miguu, likitazamana na benchi la mlangoni. Iman akapima mita mbili kwa futi ya mama yake, akaongeza kidogo kwa usalama. Waya ulipitishwa ubavuni mwa ukuta, mtu asijikwae, na taa ndogo ya kijani ikawashwa kuonyesha kwamba kiti kimeshapata joto.

Hapo Asmahan hakupanda juu kubembeleza. Alimjua mama yake. Alikwenda nyumba ya kona, akagonga, akarudi nyuma hatua za heshima na za sheria.

"Shikamoo. Mama anasema kiti chako tayari."

Mama hakuwa amesema chochote. Lakini Surjit hakuuliza maswali. Alikuja na chupa yake ya chai ya tangawizi, akajiweka juu ya kreti, akashtuka, akasema jambo kwa Kipunjabi ambalo bila shaka lilikuwa sifa. Kisha akainua kichwa kuelekea dirisha la juu, akaita kwa sauti ya mtu aliyelelewa mahali watu wanapoita:

"Hodi! Hodi hapa!"

Asmahan alisimama chini ya ngazi. Angeweza kuunda kifaa cha kufanya karibu kila kitu, lakini cha kumtoa Bi Zeinab chumbani kwake hakukijua. Alichokijua ni kwamba mwanamke yule, mzima au mgonjwa, mwenye hasira au radhi, hajapata kuiacha hodi ikaanguka bila jibu.

"Hodi mara ya pili!"

Kitanda kikalia. Mlango ukafunguka. "Karibu!" sauti ikashuka kabla ya mwenyewe. "Karibu, karibu, ninakuja! Asmahan! Mgeni yuko nje, viatu vyangu mmeviweka wapi?"

Siku zile hazikufanana tena na za nyuma. Alasiri hapa huingia mapema na giza huifuata nyuma, kwa hiyo Bi Zeinab alianza kutoka mara baada ya adhuhuri, akilalamika kwamba mto umechelewa kupata moto, kwamba Feisal amehamisha kreti, kwamba kahawa ni maji. Asmahan aliyapokea malalamiko yale kama mtu anayepokea salamu kutoka nyumbani. Surjit alikuja kila siku na chupa yake. Barwako, binti wa Kisomali wa duka la mboga, akitoka kazini alisimama na kuuliza kwa ishara kama kiti kina mtu. Hata sheria ilipobana zaidi baada ya mwaka mpya, ikaruhusu nje mtu na mtu mmoja tu, baraza halikudhurika, maana kiti cha mgeni kilikuwa kimoja tangu hapo.

Maulid akapiga simu jioni ya mwisho ya likizo.

"Shemeji, nafunga hesabu zangu. Nyinyi watatu nimeshawaandika. Bi mkubwa nimwandike kwenda tu, kama alivyosema?"

Asmahan angeweza kumwambia asubiri wiki. Angeweza kuandikisha alitakalo yeye mwenyewe na kulumbana baadaye. Badala yake akatoka hadi mlangoni, simu mkononi. Bi Zeinab alikuwa amempa mgongo, ameinama mbele, hadithi imekolea.

"Mama, Maulid yuko hewani. Anauliza ile tiketi."

"Mwambie asubiri. Nina mgeni."

"Ana mgeni," Asmahan akamwambia Maulid.

"Mgeni? Na korona hii?"

"Subiri tu, Maulid."

Akasimama pale kwenye kizingiti bila koti, baridi ikimpanda kutoka miguuni. Surjit alikuwa akisimulia habari za dada yake wa Nakuru na mume wa pili wa dada huyo, na alikuwa hajafika hata kwenye harusi. Bi Zeinab alisikiliza, akaguna panapostahili, kisha akanyoosha kidole.

"Surjit, hayo usinipunguzie. Dada yako ana mambo marefu, na mimi mwezi wa nane nitakuwa safarini. Yatakayobaki niwekee, nikirudi unimalizie."

"Lakini ukienda usikae sana huko, mama."

"Nikae nifanye nini? Nitawaona ndugu zangu, nizuru makaburi, basi. Kiti changu nitamwachia nani?"

Asmahan aliinua simu sikioni.

"Kwenda na kurudi, Maulid," alisema. "Andika kwenda na kurudi."

Akaikata, akasimama akilia waziwazi pale mlangoni, mtu mzima na kipande cha waya kikining'inia mfukoni, wala hakujifuta. Bi Zeinab hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma tu, akamshika vidole vyenye makovu ya kuungua, akavibana.

"Asmahan, mwanangu," alisema, "angalia kile kiti cha mgeni. Naona kama kinapoa."