Unga wa Kopo

Mwaka 1951, katika maabara moja ya Chang'ombe, unga uliotunzwa kuliko wote haukuwa wa kupikwa. Ulikuja kwa meli ndani ya kopo, na karatasi ya kopo ilitaja kiasi cha vitamini iliyomo: mia. Kila asubuhi Revelian alianza kwa kuupima huo. Akipata mia, mashine ni nzima. Akipata pungufu, basi mashine inapunja, naye huongeza hesabu za unga wote wa siku hiyo kufidia.

Tangu Machi alikuwa akipata sitini. Revelian, mtu wa kujisikia na kalamu mbili mfukoni, hakujiuliza kitu. Alifidia, akatia saini, na unga wa posho ya vibarua wa mkonge ukapita.

Jumatatu moja ya Agosti mdogo wake Kasimiri, kibarua wa mkonge, aliingia akijikokota. Miguu imemvimba, viatu kavishika mkononi.

"Shikamoo, kaka. Daktari wa kule shambani anasema posho yetu haina vitamini."

"Haiwezekani! Unga wenu nimeupima mwenyewe!"

Hata hivyo alirudi kwenye mashine. Kopo jipya lilikuwa limefika wiki ile, akalifungua, akapima. Mia kamili. Akapima la zamani. Sitini. Revelian aliduwaa. Kumbe mashine haikuwa na kasoro hata chembe!

"Nani kagusa kopo hili?" alifoka.

Mama Yustina, mfagiaji, mtu mzima aliyempenda Revelian kama mwanawe, alikuja akijifuta mikono.

"Ni mie, mwanangu. Mwezi wa tatu niliona lina pumba tele, nikaogopa mzungu atakugombeza. Nikauchekecha ukawa mweupe, pumba nikawapelekea kuku. Nimekosea?"

Sasa Revelian alielewa. Vitamini ilikuwa kwenye pumba zile. Lakini mama wa watu kachekecha unga tu. Aliyeongeza hesabu miezi mitano bila kuuliza ni yeye.

"Kwa hiyo unga wetu, kaka?" Kasimiri aliuliza.

"Haukufaa. Nami ndiye niliyeupitisha."

Kasimiri aliviweka viatu vyake chini.

"Wenzangu walitaka kuukataa," alisema. "Mie ndiye niliyewaambia waule tu, una saini ya kaka yangu. Wawili tumeshawazika."